Mashine yenye matundu mawili: historia fupi ya kompyuta za muziki nyumbani

Bandugu, kuko swali moja lenye linazunguka kati yetu vijana, zaidi sana sasa ambapo chumba chochote cha mwanafunzi kinaweza kugeuka studio: mtu mwenye anataka kufanya muziki nyumbani anunue kompyuta gani? Wa Mac watakuambia Mac, basi, hakuna mjadala. Wa Windows watakuambia hicho ni kiburi cha watoto wa matajiri. Na kuko kakundi kadogo ka Linux kenye hakachoki. Wote wanabishana sawa vile jambo hili limeanza jana. Lakini huu ubishi una miaka 40, na mara ya kwanza ulipofanyika kwa ukali, mashine yenye ilishinda leo huwezi kuipata katika duka lolote.

Mimi ni mtu wa agronomia, kazi yangu ni mihogo na maharage. Lakini hii historia nimeifuata muda mrefu, juu naona inagusa makuta yetu. Mtu wa Hamburg akinunua mashine mbaya, mwaka wenye unafuata ananunua ingine. Kwetu ile mashine ni minerval ya mtoto mwingine, ama ni mbuzi watatu. Kwa hiyo tuangalie vizuri namna wengine walichagua, na nini iliwapata kiisha.

Tuanze na waya. Mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, kinanda cha umeme cha kampuni moja hakikuweza kusemezana vizuri na cha kampuni ingine. Kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, na mnunuzi alibaki mfungwa wa yule mwenye alimuuzia cha kwanza. Ikutaro Kakehashi wa Roland, kule Japani, na Dave Smith wa Sequential Circuits, kule California, walisukuma ili kuwe lugha moja. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM, waliunganisha kinanda cha Sequential na cha Roland kwa waya: unabonyeza hiki, kile kinalia. Ile lugha njo inaitwa MIDI, na waliiacha wazi, kila kiwanda kiitumie bila kulipa.

Sasa, kitu chenye watu wengi hawaelewi: MIDI haibebi sauti. Inabeba amri. Noti gani, imepigwa kwa nguvu gani, imeachwa saa gani. Kuanzisha noti ni baiti 3, kuiachilia ni baiti 3. Wimbo wenye noti 5,000 unafika baiti 30,000, ukiongeza kidogo kwa habari ya muda. Ni kitu kidogo sana. Sauti yenyewe inatoka ndani ya vinanda na mashine za ngoma zenye zimeungwa kwa waya. Kompyuta inakuwa sawa mwalimu wa kwaya: haimbi, lakini inaonyesha nani aingie na aingie saa gani. Waya moja unaongoza waimbaji 16. Mushike hii picha ya mwalimu wa kwaya, juu bila hiyo mengine yote hayaeleweki.

Katika 1984 na 1985 zikatokea mashine tatu zenye zilikuwa na ubongo mmoja. Macintosh ya Apple, Atari ST na Commodore Amiga, zote tatu zilitumia chipu ya Motorola 68000, na mwendo wao ulikaribiana, kati ya megahezi 7 na 8. Kwa hiyo yule mwenye alisema "yangu iko na nguvu kuliko yako" alikuwa anasema bure. Tofauti ilikuwa kwingine.

Historia ya mbili kati yao ni sawa hadithi ya ndoa zenye zimevunjika. Jack Tramiel, Myahudi mzaliwa wa Łódź, Poland, mwenye alipona Auschwitz akiwa kijana, alianzisha Commodore na kuifanya kubwa. Januari 1984 aligombana na wenzake, akaondoka. Julai ya mwaka ule ule akanunua sehemu ya Atari yenye ilitengeneza kompyuta. Na Amiga? Chipu zake ziliongozwa na Jay Miner, mtu mwenye zamani alifanyia Atari kazi, na Atari ilikuwa tayari imekopesha kampuni yake ndogo makuta. Commodore ikaingia, deni likarudishwa, Commodore ikainunua. Mwisho wa mambo, mashine ya Atari ikawa ya mtu wa Commodore, na mashine ya Commodore ikawa ya mtu wa Atari. Kiisha wateja wao wakatukanana miaka kumi kwenye magazeti, kila mmoja akitetea jina la ukoo lenye halikuwa hata la kweli.

Bei sasa. Macintosh ya kwanza, Januari 1984, iliuzwa dola 2,495. Amiga 1000, katika 1985, dola 1,295 bila skrini. Atari 520ST, mwaka ule ule, dola 799 pamoja na skrini ya nyeupe na nyeusi. Mwaka wenye ulifuata ikatoka 1040ST yenye megabaiti 1 ya kumbukumbu kwa dola 999, na hakuna mwingine mwenye alikuwa anauza megabaiti nzima chini ya dola 1,000.

Kwa masikio, Amiga njo ilistahili kushinda. Chipu yake yenye iliitwa Paula iliweza kupiga sauti nne za kweli kwa wakati mmoja, yaani vipande vya ngoma, gitaa ama sauti ya mtu vyenye vimerekodiwa, mbili upande wa kushoto na mbili upande wa kulia. Atari ST ilikuwa na chipu ya Yamaha ya njia tatu, yenye sauti ya mchezo wa watoto. Mtu akizifungua zote mbili dukani, hawezi kusita.

Lakini pembeni ya Atari kulikuwa matundu mawili ya mviringo, kila moja na mashimo matano: MIDI ya kuingia na MIDI ya kutoka. Njo hayo tu. Mwenye Mac alipaswa kununua kisanduku cha kuongeza. Mwenye Amiga pia. Mwenye PC alipaswa kufungua mashine na kuweka kadi, mara nyingi MPU-401 ya Roland. Mwenye Atari alitoa waya mfukoni akaichomeka. Mashine yenye sauti mbaya kuliko zote ikawa mashine ya wanamuziki, juu mwalimu wa kwaya haulizwi kama yeye mwenyewe anaimba vizuri!

Hapa mtu wa shamba ndani yangu anacheka. Siye tunajua mbegu yenye inazaa sana kwenye karatasi ya kituo cha utafiti, kiisha unaipeleka kwa udongo wa mama fulani, inakataa. Amiga ilikuwa mbegu ya kituo.

Matundu peke yake hayangetosha. Kulikuwa pia mji wa Hamburg. Karl Steinberg na Manfred Rürup walianzia pale kampuni ya Steinberg katika 1984, wakaanza kuandika programu za Commodore 64, kiisha wakahamia Atari: Pro-24 katika 1986, na Cubase katika 1989. Katika mji ule ule, C-Lab ikatoa Creator na Notator. Ujerumani ilikuwa soko kubwa la Atari ST, kwa hiyo waandishi wa programu walikaa karibu na wanunuzi. Programu nzuri zikaleta wanamuziki, wanamuziki wakaleta programu zingine. Cubase njo ilionyesha wimbo sawa vile karibu programu zote zinauonyesha leo: vipande vya rangi vimelala kwa mistari, muda unaenda kutoka kushoto kuelekea kuume. Ukifungua FL Studio leo, ukaenda fasi ya kupanga wimbo, unaangalia wazo la watu wa Atari.

Tena kuko jambo la skrini. Ile skrini ndogo ya nyeupe na nyeusi ya Atari ilichora picha mara 71 kwa sekunde, haikutikisika, macho hayakuchoka. Watu walicheka kwamba haina rangi. Lakini mtu mwenye anapanga noti saa sita mfululizo hahitaji rangi. Na juu ya ufunguo: Cubase na Notator zilikuja na kipande cha plastiki chenye unachomeka pembeni ya mashine, bila hicho programu inakataa. Wizi wa programu si sisi tuliuanzisha, bandugu.

Nisiiangushe Amiga chini kabisa, juu ilifanya kitu chenye kinatufanana zaidi. Katika 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa Ultimate Soundtracker. Njia nne zimeshuka kwenye skrini sawa orodha ya namba, na faili moja inabeba noti pamoja na sauti zenyewe. Fikiria maana yake. Mtu wa Atari alihitaji kompyuta, pamoja na kinanda, na mashine ya ngoma, na meza ya kuchanganyia sauti. Mtoto wa Amiga alihitaji Amiga, basi. Wimbo mzima, na vyombo vyake ndani, ulitembea kwa disketi ya kilobaiti 880 kutoka rafiki hadi rafiki. Hawa hawakuwa na studio. Walikuwa na televisheni ya wazazi na usiku mrefu. Kwa maoni yangu, namna vijana wa kwetu wanafanya muziki leo, kila kitu ndani ya mashine moja, haitoki kwa Atari. Inatoka kwa hawa watoto wa Amiga. Na haikuwa mchezo tu: Calvin Harris, akiwa kijana kule Dumfries, Scotland, alitengeneza albamu yake ya kwanza, yenye ilitoka 2007, kwa Amiga ya zamani na programu ya OctaMED.

Macintosh wakati ule ilikaa kwa wenye makuta. Performer ya Mark of the Unicorn ilitoka 1985, nzuri sana, na studio za Marekani ziliipenda. PC ilikuwa chombo cha ofisi chenye kinalia "piip". Kadi ya AdLib katika 1987 na Sound Blaster ya Creative, kampuni ya Singapore, katika 1989, ziliipatia koo, lakini kwa michezo kuliko kwa muziki.

Basi kwa nini mshindi alikufa?

Juu sauti iliingia ndani ya mashine. Nilisema MIDI ni baiti chache. Sauti yenyewe, kwa kiwango cha CD, ni sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja baiti 2, mara mbili kwa kushoto na kuume. Fanya hesabu: zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika moja. Disketi ya Atari ilibeba kilobaiti 720. Kwa hiyo disketi moja yenye ilibeba nyimbo nyingi za MIDI iliweza kubeba sekunde 4 za sauti ya mwimbaji. Sekunde nne! Hata "haleluya" haiishi vizuri.

Kutoka hapo kazi ilihitaji diski ngumu kubwa, kadi za ndani na mashine yenye inakubali kufunguliwa na kuongezwa. Mac za wakati ule zilikubali. Digidesign ikaweka Sound Tools juu ya Mac katika 1989, kiisha Pro Tools katika 1991, njia nne za sauti kwa dola 6,000 hivi. Hiyo haikuwa bei ya nyumbani, lakini ilionyesha njia. Atari ilijaribu kujibu na Falcon030, yenye ilikuwa na chipu maalum ya sauti ndani, mashine nzuri kabisa. Ilichelewa, na kampuni ikaiacha haraka ili ikimbilie mchezo wa Jaguar. Commodore ilifilisika Aprili 1994. Atari ikajiunga na kampuni ya diski ngumu, JTS, katika 1996, na kwa kompyuta hadithi ikaishia pale.

Mwaka ule ule wa 1996 Steinberg ikatoa Cubase VST, kwanza kwa Mac, kiisha kwa Windows. Sasa kompyuta ya kawaida iliweza kurekodi sauti na kuitengeneza bila kadi za bei mbaya, na miaka michache mbele vinanda vyenyewe vikawa programu. Mwalimu wa kwaya akaanza kuimba sauti zote 16 yeye mwenyewe. Siku hiyo matundu mawili ya Atari yakapoteza thamani yake, na PC, yenye kiwanda chochote kiliweza kuitengeneza kwa bei ya chini, ikaingia kila fasi.

Lakini tuwafikirie wale wenye walikuwa wamechagua vizuri katika 1986. Kazi yao ilienda wapi? Hapa njo ninataka vijana wakae kidogo. Tangu 1988 kulikuwa aina ya faili ya MIDI yenye programu zote zinakubaliana juu yake. Mtu wa Atari mwenye alihifadhi nyimbo zake hivyo alikuwa na bahati ya pili: disketi za ST zilikaribiana sana na za PC, kwa hiyo alizichukua akazifungua upande wa pili. Mwenye alihifadhi kwa mtindo wa programu peke yake, programu ikifa, wimbo unakuwa namba zenye hakuna mtu anazisoma. Disketi za Amiga, PC ya kawaida haikuzisoma kabisa. Lakini zile faili za Soundtracker zenyewe, zikishatolewa kwa disketi, zinafunguka mpaka leo, juu muundo wake ulikuwa rahisi na watu wengi waliuelewa. Kumbe mashine inaweza kufa na muziki ukabaki. Na inawezekana pia kampuni ibaki, wewe ukafukuzwa.

Mfano wa kufukuzwa: watu wa C-Lab walikuwa wamefanya kampuni ingine, Emagic, na programu yao Logic ilienda kwa Mac na kwa Windows. Julai 2002 Apple ikainunua Emagic, na ikatangaza kwamba upande wa Windows unafungwa mwisho wa Septemba. Miezi mitatu. Mtu mwenye alijifunza Logic miaka na miaka kwa PC yake alipaswa kununua mashine ya Apple ama kuanza upya. Na wenye Mac nao wasicheke sana: katika 2019 Apple iliacha kukubali programu za zamani za biti 32, na vinanda vingi vya kwenye programu vikanyamaza siku yenye mtu alibonyeza "sasisha".

Kwa upande mwingine, Desemba 1997, Mbelgiji Didier Dambrin alitoa kaprogramu kadogo ka kupanga ngoma kwa MIDI, FruityLoops. Leo tunakaita FL Studio, ka kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji (ndiyo, Ubelgiji ule ule, tusianze siasa). Kwa miaka 20 kalikuwa ka Windows. Toleo kamili la Mac lilitoka 2018 tu. Na mwenye kununua licence, ya programu, si ile yetu ya chuo, anapata matoleo yote mapya bila kulipa tena. Njo maana nikisikia mtu anasema kwamba bila Mac hakuna muziki wa kweli, ninamuuliza ile midundo ya miaka ya 2000 yenye alicheza ilitengenezewa wapi. Na Norman Cook, Fatboy Slim, alitengeneza albamu yake kubwa ya 1998 nyumbani kwake Brighton kwa Atari ST na Creator. Atari ilikuwa imekufa. Alijua programu yake, hakuona sababu ya kuhama.

Mimi basi nasimama hapa: mtu achague kwanza programu yenye wenzake wa karibu wanaijua, juu wao njo watamfundisha bure usiku umeme ukirudi. Kiisha atafute mashine ya bei ya chini yenye inaiendesha bila kukwama. Na kila wimbo wenye unaisha autoe nje ya programu: noti kwa MIDI, kila sauti peke yake kwa WAV. Jina kwa kifuniko cha mashine linakuja mwisho.

Mdogo wangu hakubali. Iko na dola 250, na anataka Mac yenye imetumika, juu kijana mmoja mwenye anamheshimu anayo. Kwa makuta hayo atapata ya zamani, yenye haipokei tena mfumo mpya, na betri yake itadumu dakika wakati umeme unakatika. Nilimuonyesha kwamba PC iliyotumika yenye inatoka Dubai itabakisha karibu dola 60, na dola 60 njo bei ya licence ndogo ya Reaper. Akajibu kwamba kila mtu mtaani anatumia FL, Reaper hakuna mwenye anaijua, kwa hiyo kwa kufuata maneno yangu mwenyewe sina haki. Hapo alinishika. Kiisha akauliza: na kama Image-Line nayo itakufa sawa Atari? Tangu wiki iliyopita anatafuta bei ya diski ngumu ya nje, na anataka kujua kama itatoka kwa zile 250 ama kwa mfuko wangu.